Wakuu, waya wa umeme haukuivuta droni yangu. Niliipeleka mwenyewe (kwa wanaorusha Nyanda za Juu Kusini)

Mpimaji_Makambako (mleta mada):

Kamwene wakuu. Humu huwa napita kimya kimya, nasoma na kuondoka. Leo naleta uzi wenye aibu yangu, maana kuna mtu nilimdanganya, na nimeshaenda kumwomba radhi.

Mwezi wa saba nilipata kazi ya kupiga picha za ramani kwenye shamba la parachichi nje kidogo ya mji wa Njombe. Mteja alitaka kujua miche mingapi imeungua na baridi. Njia ya kupanda juu ilikuwa mbovu, nikaacha gari bondeni kwenye kijito na kurushia hapo hapo. Shamba liko ng'ambo ya mgongo wa kilima, na juu ya ule mgongo inapita laini ya umeme ya msongo wa kilovoti 220, ile ya Makambako kwenda Songea. Nimepita chini yake kwenye basi sijui mara ngapi. Naijua kama mlango wa kwetu.

Betri ya kwanza ilikwenda vizuri. Nilipanda mita 110 kutoka nilipo, nikavuka laini kwa juu, nikapiga mistari yangu, nikarudi. Betri ya pili mteja akasema, "Bwana, hebu shuka kidogo tuone majani." Nikavuka tena, nikashuka ng'ambo kule mpaka mita 40. Hapo picha ikaganda, kisha kioo kikawa cheusi. Ishara imekatika.

Sikushtuka. Nilishaiwekea kwamba ishara ikikatika irudi yenyewe, na urefu wa kurudi niliuweka mita 60. Nikamgeukia kijana wa shamba nikamwambia, "Subiri, inakuja." Tukaanza kuongea habari za bei ya mbolea. Mara tukasikia huko juu *tang!*, kama mtu kagonga mnyororo kwa nyundo. Kisha kimya.

Mama mmoja aliyekuwa anaokota kuni pembeni ya mkuza ndiye aliyetuonyesha ilipoangukia. Mikono miwili imekatika, kamera inaning'inia kwa utepe wake kama jicho la samaki aliyekaangwa.

Nikamwambia mteja kwa uso mkavu kabisa: "Mawimbi ya umeme yameivuta." Akanionea huruma, akanichangia laki mbili ya matengenezo. Nikapokea.

Usiku nikafungua kumbukumbu za safari kwenye rimoti. Zilinisuta. Dira ilikuwa nzima mwanzo mpaka mwisho. GPS ilikuwa na setilaiti 17. Ishara ilikatika pale tu droni iliposhuka nyuma ya kilima, kwa sababu mawimbi ya rimoti hayapenyi udongo. Droni ikafanya nilichoiagiza: ikapanda mpaka mita 60, ikanyoosha mstari kuja kwangu. Sasa pigeni hesabu. Mita 60 hizo zinahesabiwa kutoka niliporushia, kule kijitoni. Mgongo wa kilima uko mita 40 juu ya kijito. Kwa hiyo juu ya mgongo droni ilikuwa mita 20 tu kutoka ardhini, na katikati ya minara miwili, pale nyaya zinapolegea, ndipo zilipo nyaya za chini.

Na hili ndilo lililoninyima usingizi: ilipopanda kutoka nyuma ya kilima, ishara ILIRUDI. Kumbukumbu zinaonyesha sekunde tisa za mawasiliano safi kabla ya kugonga. Sekunde tisa ningeweza kubonyeza kitufe kimoja ikasimama hewani. Mimi nilikuwa naongea habari za mbolea.

Laki mbili nimeshairudisha. Karibuni mnipige mawe, ila na nyie mseme ya kwenu.

Kijana_wa_Uyole:

Mkuu pole, na hongera kwa kusema ukweli. Ila mimi siamini kwamba umeme hauna kosa kabisa. Mimi droni yangu ilizunguka yenyewe kama mbwa anayetafuta pa kulala, mduara unapanuka, unapanuka, mpaka ikaingia kwenye nyaya. Hapo napo utaniambia niliipeleka mwenyewe?

Mpimaji_Makambako:

Nikuulize kabla sijajibu. Uliirushia wapi? Namaanisha ilikuwa imekaa juu ya nini?

Kijana_wa_Uyole:

Boneti ya Noah. Ilikuwa harusi, chini kulikuwa na tope.

Mpimaji_Makambako:

Basi mkuu, jibu umelitoa mwenyewe.

Ndani ya droni kuna dira, kadude kadogo kanakosoma usumaku wa dunia ili kujua kaskazini iko wapi. Usumaku huo ni dhaifu sana. Boneti ya gari ni chuma, tena chini yake kuna injini na betri. Zege la paa au la kibaraza lina nondo. Mfuniko wa chemba, spika kubwa ya muziki, hata hizo meza za chuma za ukumbini, zote zinaidanganya dira. Unawasha hapo, inaamini kaskazini iko kule Tukuyu kumbe iko Chunya. Ikishapaa, GPS inasema "tumesogea kushoto," inataka kujirekebisha kwenda kulia, lakini kwa kuwa dira imepinda, kulia yake siyo kulia. Inakosea, inajirekebisha, inakosea zaidi. Ndiyo ule mduara.

Kwa hiyo ndiyo, kulikuwa na mwingiliano. Ila ulitoka kwenye Noah, si kwenye nguzo.

Kijana_wa_Uyole:

Duh. Na kwenye simu kulikuwa na maandishi mekundu "dira ina hitilafu, kalibreti". Nikakalibreti, yaani nikaipanga dira upya, pale pale pembeni ya gari.

Sijui_Kitu:

Hahahahaaa! Umemaliza kesi mwenyewe. Sasa harusi iliishaje?

Kijana_wa_Uyole:

Usinikumbushe. Ilipiga zile nyaya za mtaani, za kwenda majumbani, zikagusana. Mwanga wa bluu, *paa!*, fyuzi ya transfoma ikaondoka. MC alikuwa katikati ya kumwita mama mzaa chema atoe zawadi. Mtaa mzima giza. Baba wa bwana harusi alikuja akasimama mbele yangu, hakusema neno, akaniangalia tu. Hela ya video sikudai.

Mzee_wa_Vikombe:

Vijana habari zenu. Nimefanya kazi ya laini miaka 31, nyingi Iringa na Mufindi, sasa nimestaafu. Mleta mada kasema kweli kwa sehemu kubwa, ila nina ya kuongeza na moja la kumkosoa.

Kwanza mjue kutofautisha laini kabla hamjarusha. Msiangalie waya, waya utawadanganya. Angalieni vikombe, vile vya kushikia waya kwenye nguzo. Vikombe vitatu hivi kwenye mnyororo mmoja, hiyo ni kilovoti 33, inapita kwenye nguzo za miti. Mkiona mnyororo mrefu wa vikombe kumi na kitu kwenye mnara wa chuma, hiyo ni 220. Na ile kubwa inayotoka Iringa kwenda Dodoma, Singida mpaka Shinyanga, kilomita 670, ni 400, na hapo mtaona kila upande nyaya kadhaa zimefungwa kifurushi kimoja badala ya waya mmoja.

Pili, juu kabisa ya minara kuna waya mwembamba kuliko zote. Huo ni waya wa radi. Hauna umeme wa kusafirisha, upo kupokea radi, na baadhi yake ndani mna mkongo wa intaneti. Rubani anaziona zile nyaya nene, anasema "nipite juu kidogo," kumbe juu kidogo ndipo ulipo huo. Ukitaka kuvuka, vukia juu ya mnara wenyewe. Mnara unaonekana, na ndiyo sehemu ya juu kuliko zote za laini. Usivukie katikati.

Tatu, waya haukai sehemu moja. Mchana wa jua kali, mzigo ukiwa mkubwa, unapata joto, unarefuka, unalegea. Asubuhi ya baridi ya Mafinga unakaza. Mtu akipima asubuhi akarusha saa nane mchana kwa vipimo vile vile, amepima kitu kingine.

La kumkosoa mleta mada: usiwaambie watu umeme "hauna kosa". Kwenye msongo mkubwa huhitaji kuugusa. Ukiukaribia vya kutosha unaruka hewani wenyewe. Na baadhi ya droni za siku hizi zina mikono ya kaboni, na kaboni inapitisha umeme. Hatukuwa tunasogeza hata kamba karibu na nyaya zile bila laini kuzimwa na kufungwa kwenye ardhi.

Mpimaji_Makambako:

Shikamoo mzee. Nimekosoleka. Nilichokataa ni lile neno "kuvuta". Waya si sumaku ya jokofu.

Mzee_wa_Vikombe:

Marahaba. Hapo tuko pamoja. Ndege wanatua juu yake kila siku, hawavutwi.

MwanaKalenga:

Mzee naomba ufafanuzi. Kule Mufindi asubuhi ya ukungu zile nyaya zinalia "chhhhh" kama vitumbua kwenye karai. Si ndiyo mawimbi hayo yanayoua ishara ya rimoti?

Mzee_wa_Vikombe:

Ule mlio ni umeme unavuja kidogo hewani kuzunguka waya, na unyevu unaongeza. Zamani tulikuwa tunautambua kwa redio ya mkulima: ukipita na redio ya masafa ya kati chini ya laini inakwaruza hadi unaizima. Haya ya rimoti za vijana siyajui, mleta mada ajibu.

Mpimaji_Makambako:

Rimoti nyingi za droni zinatumia gigahezi 2.4 au 5.8, mbali sana juu ya masafa ya redio ya mzee. Ule mkwaruzo una nguvu kule chini, huku juu unabaki kidogo mno. Kinachobanana na rimoti kwenye 2.4 ni waifai za majumbani na bluetooth. Ndiyo maana droni ile ile inafika mbali ukiwa Makete na inaanza kulalamika mapema ukiwa katikati ya Mbeya mjini.

Ila ukungu wenyewe ndio wa kuogopa, kwa sababu nyingine: huoni waya, na sensa za droni nazo hazioni. Hili liwaingie watu kichwani. Sensa za kuzuia kugonga zinatazama kama macho, zinatambua ukuta, mti, paa. Waya mwembamba zinaupita kama haupo, hata siku ya jua. Zangu zilikuwa zimewashwa siku ile.

Dada_Parachichi:

Mimi ni mkulima Rungwe, tumechanga kikundi tunataka kununua droni ya kupulizia dawa. Shambani kuna laini ya nguzo za miti inapita katikati. Mnatutisha au mnatufundisha? 😅

Na nguzo zenyewe jamani ni milingoti (mikaratusi) iliyotiwa dawa, imesimama katikati ya milingoti mibichi. Hata mimi mwenye shamba nyingine naziona nikishazifikia.

Mpimaji_Makambako:

Dada, za kupulizia zinaruka chini, mita mbili tatu juu ya miti, kwa hiyo waya wa nguzo za miti uko usawa wake kabisa au juu yake kidogo. Hapo hakuna kuvuka kwa juu wala kwa chini. Gawa shamba mapande mawili, la huku na la kule. Maliza la huku, zima, beba droni kwa miguu, nenda kule, anza upya.

Hili ndilo ningependa mtu alichukue hata kama mengine atayasahau: wewe na droni mkae upande mmoja wa waya. Ningekuwa nimepanda na gari langu mpaka shambani siku ile, ishara isingekatika, na hata ingekatika, njia ya kurudi isingekuwa na waya katikati. Mita 60, mita 100, yote hayo yanakuja baada ya hapo.

Kuhusu kuziona: usitafute waya, tafuta nguzo. Tembea shamba lote kwa miguu siku moja kabla, kila nguzo funga kitambaa chekundu kwenye mti ulio jirani yake (siyo kwenye nguzo!), kisha unganisha kwa macho. Na uangalie matawi, maana laini inachepuka kwenda kwenye nyumba moja huko pembeni ambayo hukuitegemea.

Mtoto_wa_Forest:

Mimi niko Mbeya mjini. Mlima Loleza naiona minara imejaa kule juu. Nilitaka kwenda kuirekodi kwa karibu. Je, mnara wa simu nao ni wa kuogopa?

Mpimaji_Makambako:

Hapo ndipo mwingiliano wa kweli ulipo. Antena zinarusha kwa nguvu na kwa mwelekeo, ukiisogeza droni mbele yake kipokezi kinazidiwa, ni kama kuongea na mtu aliyebandika sikio kwenye spika ya mnadani. Picha inaganda, wakati mwingine GPS nayo inayumba. GPS ikipotea, droni haianguki, ila haijui tena ilipo, inachukuliwa na upepo. Na upepo wa kule juu siyo wa mtaani Soweto, huku chini mjini.

Lakini hata pale, ukiniuliza mimi, nitakwambia ogopa kwanza zile nyaya za kushikilia mnara. Zinatoka juu zinakuja kushikwa ardhini mbali kabisa na mguu wa mnara. Watu wanakaa mbali na antena, wanagonga waya wa kuushikilia. Tena minara hiyo ina wenyewe, kaombe ruhusa.

Afande_Mstaafu:

Ruhusa ya mnara mnaijadili, ya anga je? Wangapi humu wana kibali cha TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga?

Mpimaji_Makambako:

Ninacho mkuu. Na wasio nacho wakifuate, maana siku ukigonga waya swali la kwanza ni hilo. Kisha usizidi futi 400 juu ya ardhi, mita 120 hivi, na kaa mbali na viwanja vya ndege vya Songwe na Nduli. Tuendelee na mada.

Sijui_Kitu:

Swali la kijinga. Droni ikinasa juu ya waya, unaitoaje? Kwetu Kilolo mianzi imejaa, mtu si anakata mrefu anaichokoa?

Mzee_wa_Vikombe:

Mjukuu wangu, usirudie hata kulifikiria.

Mwanzi ule wa ulanzi, pombe yetu ya mianzi, unaujua vizuri wewe. Ukiukata jioni, asubuhi unakuta mbeta, kile chombo cha kukingia, imejaa. Yale maji yametoka wapi? Mwanzi mbichi ni bomba la maji lililosimama, ukiugusisha kwenye kilovoti 33 wewe ndiye njia yake ya kwenda ardhini. Hata mkavu usiuamini, umande wa Iringa unatosha. Nimeshakwenda kumshusha mtu aliyekuwa anachokoa tiara ya mtoto. Sitasema zaidi ya hapo.

Droni ikinasa iache. Piga simu TANESCO, sema namba iliyoandikwa kwenye nguzo, kaa pale kuzuia watoto. Na kama waya wenyewe umekatika uko chini, usisogee, mita 10 angalau, hata kama unaona umetulia hauruki cheche. Ukijikuta tayari uko karibu, ondoka kwa hatua fupi fupi za kuburuza, miguu isiachane. Ardhi yenyewe inakuwa na umeme, na ukitupa hatua ndefu unaingilia mguu huu unatokea ule.

Sijui_Kitu:

Nimeelewa mzee. Asante sana. Mianzi tuiachie ulanzi.

Baridi_ya_Makete:

Niongeze dogo. Huku kwetu mwezi wa sita na saba betri inakudanganya. Inaonyesha asilimia 60, unapaa, dakika chache volti zinaporomoka, droni inaamua kurudi nyumbani bila kukuuliza. Na ikirudi inanyoosha mstari, waya uwepo usiwepo. Halafu huku juu hewa ni nyepesi, propela zinafanya kazi zaidi kuibeba droni ile ile. Mimi betri nazilaza ndani ya koti mpaka dakika ya kurusha, kisha naiacha ielee mita mbili kwa dakika nzima ipate moto. Natua na asilimia 40, wenzangu wananicheka.

Kijana_wa_Uyole:

Mleta mada, na ile ya ishara ikikatika, si bora kuiambia isimame hewani badala ya kurudi?

Mpimaji_Makambako:

Inategemea. Kwenye waya nyingi, mimi sasa naiwekea isimame, halafu natembea kuelekea iliko mpaka ishara irudi. Lakini lazima ujue ardhi inapitika, na betri ibaki ya kutosha, maana ikifika chini sana itatua papo hapo ilipo, iwe juu ya msitu au juu ya ng'ombe. Penye uwazi naacha irudi, ila urefu wa kurudi nauhesabu hivi: kitu kirefu kuliko vyote kati yangu na droni, kilima pamoja na mnara wake, kisha naongeza mita 30. Na hesabu inaanzia nilipokanyaga.

Mrejesho kwa walioniuliza inbox: Jumamosi nilirudi Njombe na droni ya kuazima. Gari liliachwa barabarani, nikapanda kwa miguu na begi mgongoni mpaka juu ya shamba, laini ikiwa nyuma yangu. Kijana wa shamba nilimpa kazi moja tu, kutazama minara na kupiga kelele droni ikigeukia huko. Alipiga kelele mara mbili, zote za uongo, alikuwa ameona mwewe.

Picha zimetoka. Miche iliyoungua ni 212. Mteja alikuwa na hesabu ya kijana wake ya 140, kwa hiyo sasa hivi ugomvi uko kwao, mimi nimekaa pembeni nakunywa chai.